Mkate wa Ndirangu na Maneno Yanayolia Sawa

Vijana wa karakana ya Kimbo mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, na kwa kuwa tangu nistaafu mwezi uliopita mke wangu amechoka kuniona nikipaka rangi milango ambayo haikuwa na shida yoyote, nimekubali. Sitaandika ni lini nilipata karakana yangu wala nani alinilipa vizuri. Hayo hayatawasaidia. Nitaandika juu ya maneno, kwa sababu ninyi mkikosea neno mashine huliwekea mstari mwekundu chini, nanyi mnadhani mmelindwa. Neno lililoniaibisha mimi lilikuwa limeandikwa sawasawa, kila herufi mahali pake.

Nilifika Thika miaka ya hamsini ikiwa imepita nusu, nikitokea upande wa Bungoma, nina cheti cha darasa la sita na viatu vya kaka yangu. Binamu yangu alinitafutia kibarua kwenye shamba la mkonge. Siku ya kwanza nilichomwa na mwiba mara tatu kabla ya chai ya saa nne, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeamua kwamba mimi ni mtu wa mjini. Nikatembea hadi mtaa wa Majengo. Huko nikamkuta mwanamume mfupi amesimama juu ya pipa, anaandika kwenye ukuta wa duka herufi nzuri ambazo sikujua mkono wa mtu unaweza kuzitoa. Nilimtazama mpaka akamaliza.

"Umesimama hapo tangu H," alisema bila kugeuka. "Unataka nini?"

"Natafuta kazi, Fundi."

"Hapa nimeandika nini?"

"Hardware."

"Na hiyo ni kitu gani?"

"Ni vitu vya chuma. Misumari, majembe, kufuli."

Hapo aligeuka. Ndivyo nilivyojua kwamba Fundi Mwaura, mwandishi wa karibu kila kibao cha Thika, hakujua kusoma Kiingereza. Wateja walimletea maneno kwenye karatasi naye akayakuza. Alichora herufi kama mtu anavyochora mbuzi. Kwake S ilikuwa nyoka aliyeshiba na R ilikuwa mtu aliyetanguliza mguu. Mimi niliyesoma darasa sita nilikuwa, machoni pake, profesa aliyekosa njia.

Wiki ya kwanza aliniandikisha O peke yake. Mamia ya O kwenye mabati mabovu nyuma ya nyumba yake. Alinifundisha kutumia fimbo ya mkono, ile yenye kitambaa kilichofungwa mviringo kwenye ncha, ambayo unaiegemeza ukutani ili mkono wenye brashi utulie juu yake. Alinifundisha kupaka uzi chaki, kuuvuta pande mbili na kuufyatua, ukaacha mstari ulionyooka kuliko mwenendo wa watu wengi. Brashi huoshwa kwa tapentaini, kisha sabuni, kisha hulazwa. Ukiisimamisha kwa nywele zake ndani ya kopo, Fundi alikuwa hakuambii kitu. Alikupa hiyo hiyo uandikie kesho. Haya yote nimewaonyesha ninyi pia, na nimeona brashi zenu zimesimama ndani ya makopo.

Basi wakati huo duka moja la nguo lilileta kibao kutoka Nairobi kilichokuwa na mistari miwili ya Kiingereza, na mwisho wa mistari hiyo maneno yalilia sawa. Hicho ndicho Kiswahili cha vitabu hukiita vina, ila sisi tulikuwa hatujafika huko. Watu waliosoma walisimama wakakisoma kwa sauti, na wasiosoma wakaomba wasomewe. Wiki ile ile wateja wetu wakaanza kusema, "Mimi nataka kibao ya kuimba, kama ile."

Fundi aliniangalia. "Hiyo ni kazi yako," alisema. "Mimi nitashughulika na herufi, wewe tafuta maneno."

Lazima niseme kwamba sikio la Fundi halikuwa msaada. Kama wazee wengi Wakikuyu, hakuwa na haja kubwa ya L. Muuza taa mmoja alituletea karatasi imeandikwa THE RIGHT LIGHT, yaani taa iliyo sawa. Nilipomsomea Fundi, yeye akasikia rait rait. Akamrudishia mteja karatasi kwa upole akamwambia, "Umerudia neno mara mbili. Nitakuandikia moja, itatosha." Mimi nami nisijisifu. Sisi watu wa Bungoma tukiitwa kusoma neno bread tunasema pread, na hatuoni tofauti.

Nilinunua kitabu kikuukuu cha tahajia ya Kiingereza ambacho hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Njia yangu ilikuwa rahisi. Nilitafuta maneno yaliyomalizika kwa herufi zinazofanana, nikayapanga kwenye daftari, mteja akija nikachagua. Kwa Kiswahili, kinachoandikwa sawa hulia sawa, na hakuna aliyeniambia kwamba Waingereza hawakufuata mpango huo. Fundi viatu wa karibu na soko nilimwandikia kwamba anatengeneza kiatu kuanzia kisigino hadi kidole: shoe juu, toe chini. Yote mawili yana oe. Niliyasoma sho na to, yakaimba vizuri sana. Fundi viatu aliyasoma hivyo hivyo, na wateja wake pia, kwa hiyo mtaani kwetu yalikuwa yanaimba kweli.

Hapo ndipo alipokuja Ndirangu.

Ndirangu alikuwa mwoka mikate. Alijifunza kazi hiyo jeshini, Burma, ambako alioka mkate wa kikosi kizima kwenye matanuri ya udongo huku mvua ikinyesha, na aliporudi alijenga tanuri lake mwenyewe karibu na stesheni. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, ambaye hata unga ulipommwagikia alionekana amevaa sare. Kiingereza chake kilikuwa cha kupokea amri tu. Alijua kwamba mkate wake ni mzuri kuliko wa mtu yeyote Thika, na tatizo lake lilikuwa moja: wazungu wa mashamba ya kahawa walipita mbele ya duka lake na magari yao wakaenda kununua mkate mbali.

"Hawajui kama mimi niko," alituambia. "Niandikieni kibao ya Kiingereza. Iimbe. Isimamishe gari."

Nilikaa na daftari langu siku nzima. Mstari wa kwanza ulikuwa rahisi, FRESH BREAD FOR SALE, mkate safi unauzwa. Sasa nilitaka neno la kulia sawa na sale. Kwenye orodha yangu kulikuwa na male, ambalo nililijua kutoka mlango wa choo cha wanaume cha stesheni, nikaliacha. Kulikuwa na whale, samaki mkubwa kuliko nyumba, aliyekuwa na picha kitabuni. Fundi alimpenda sana, akataka kumchora, lakini hatukuweza kumwingiza kwenye mkate. Likabaki stale.

Sikujua maana ya stale. Ila nilifikiri, kama msomi. Stand ni kusimama. Stone ni jiwe. Strong ni mwenye nguvu. Steel ni chuma cha pua. Maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa st, niliona wazi, ni maneno ya kitu kisichotikisika. Kwa hiyo stale lazima ni imara, wa kutegemewa. Nikaandika mstari wa pili: ALWAYS STALE. Siku zote imara.

Fundi aliandika herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na kando akachora mkate unaotoa moshi. Nimeishi kwenye kazi hii miaka mingi na bado nasema kilikuwa kibao kizuri. Tulikipachika Jumatatu. Jumanne gari la kwanza lilisimama.

Alishuka memsahibu mmoja mwenye kofia pana. Alisoma, akaita mwenzake ndani ya gari, wakacheka mpaka mwenzake akashika mlango. Kisha wakanunua mikate miwili. Kufikia mwisho wa wiki magari yalikuwa yanasimama kila siku. Memsahibu yule alirudi na kamera, akapiga picha kibao, na akamwomba Ndirangu asimame chini yake. Ndirangu alivaa koti lake la jeshi, akasimama wima. Wazungu walipocheka, naye alicheka, na wakati mwingine aliwapigia saluti. Kwetu alianza kuleta mkate wa moto kila asubuhi bila kuombwa. Fundi alinenepa kidogo. Nami nilianza kutembea Majengo na daftari langu kwapani, mahali ambapo kila mtu angeliona.

Miezi mitatu baadaye Ndirangu alitaka kibao cha pili, kikubwa mara mbili, cha kusimama kando ya barabara inayotoka Ruiru. Maneno yawe yale yale. Tulikuwa tumeshapaka mabati rangi ya kwanza nilipotumwa Ruiru kuandika kibao cha shule ya kanisa. Ilikuwa lazima niende mimi. Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau ilikuwa haijaondolewa, na Mkikuyu kama Fundi hakuweza kutoka Thika hadi Ruiru bila pasi. Mimi mtu wa Bungoma nilipita na kipande changu, yaani kitambulisho, na baiskeli yake, kopo la rangi likining'inia kwenye usukani.

Shule ile ilikuwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza, Mwalimu Rahabu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisimama nyuma yangu nilipokuwa naandika, akakagua kila neno, na nilipomaliza akanipa chai. Nikaona hapa nimepata mtu wa kuzungumza naye. Nikamwonyesha daftari langu.

Alisoma ukurasa wa kwanza. "Haya ni nini?"

"Maneno yanayolia sawa, Mwalimu. Kama shoe na toe."

"Soma hilo la kwanza."

"Sho."

Alifumba macho kidogo. Kisha akaniambia kwamba linasomwa shuu, na toe linasomwa tou, na kwamba Kiingereza kinasikilizwa, hakiangaliwi. Nilimfikiria fundi viatu wetu. Halafu, ili kurudisha heshima, nilimweleza kuhusu kazi yangu bora, kibao cha Ndirangu, nikamsomea mistari yote miwili.

Mwalimu Rahabu aliweka kikombe chini. "Hilo neno stale, maana yake ni nini?"

"Imara," nilisema.

Hakucheka. Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Aliingia jikoni, akatoka na kipande cha mkate kutoka kwenye debe la kulishia kuku. "Shika," alisema. "Uma."

Niliuma. Ulikuwa mkate wa wiki iliyopita au ile iliyotangulia. Jino langu lilirudi.

"Hiyo ndiyo stale," alisema Mwalimu.

Nilikuwa nimeandika kwa herufi za futi moja, mbele ya stesheni ya Thika: mkate safi unauzwa, siku zote umelala. Na kusema kweli kile kipande kilikuwa imara, lakini sikuona kama huo ulikuwa wakati wa kulitaja hilo.

Nilirudi Thika nikisukuma baiskeli hata mahali pa mteremko. Nilimkuta Fundi anapima mabati ya kibao cha pili, nikamweleza yote. Alikaa juu ya kopo la rangi.

"Herufi lakini zilikuwa nzuri," alisema.

"Zilikuwa nzuri, Fundi."

"Na magari yanasimama."

"Yanasimama kwa sababu ya kicheko."

Alifikiri sana. Alisema tukinyamaza hakuna atakayejua, maana wazungu hawakuwa na haraka ya kumwambia, na watu wetu wanaosoma Kiingereza cha namna hiyo walihesabika. Alisema tukimwambia anaweza kutufukuza, na habari zikienea nani atatupa kazi tena. Nilianza kupata matumaini. Kisha akasema, "Lakini anawapigia saluti." Akainuka na kuanza kukunja uzi wake. "Wewe ulichagua neno. Wewe utampelekea."

Nilimkuta Ndirangu anatoa mikate kwenye tanuri. Nilisubiri amalize, kwa kuwa sikutaka awe na koleo refu mkononi. Nikamwambia. Nilimwambia maana ya neno, na jinsi nilivyolipata, na kwamba kosa ni langu peke yangu na si la Fundi. Alisikiliza akipanguza vidole kimoja kimoja kwa aproni.

"Na yule mama wa kamera?"

"Alikuwa anapiga picha neno, Mzee."

"Na mimi chini yake."

"Ndiyo."

Alitazama nje, upande ambao magari husimama. "Mimi nilifikiri tumezoeana," alisema.

Nimetukanwa na wateja wengi katika kazi hii. Mmoja alinirushia kopo la rangi ya kijani. Hakuna lililoniingia kama maneno yale matatu. Nilisema nitapanda ngazi sasa hivi, nikishushe kibao.

"Ngoja," alisema. Alitoa mkate mmoja rafuni, akaukata, akaunusa kama ambaye hajawahi kuuona. Akala kipande polepole. "Mara ya kwanza walikuja kucheka. Sawa. Na mara ya pili? Huyo mama anakuja kila Jumanne miezi tatu. Mtu hatoki shambani mpaka hapa kucheka neno moja miezi tatu." Akanipa nami kipande. "Hii mkate imelala?"

"Hapana, Mzee."

"Basi badilisha ile neno, iseme ukweli. Na hiyo ya kulia sawa usiharibu. Mimi napenda."

Siku iliyofuata nilirudi Ruiru kuuliza, na safari hii niliuliza kabla ya kupaka. Mwalimu Rahabu aliniambia stale inaweza kubaki, ila ALWAYS, siku zote, igeuke NEVER, yaani kamwe. Mkate usiolala kamwe. Fundi alikwangua neno moja, akapiga msasa, akaandika jingine, na kibao cha pili akakiandika NEVER tangu mwanzo. Rangi nyekundu ya kile cha kwanza ilikuwa ya nguvu, na jua lilipowaka sana uliweza kuona kivuli cha ALWAYS nyuma ya NEVER. Mkate wa Ndirangu kwa miaka kadhaa ulikuwa umelala siku zote na haukulala kamwe, kutegemea hali ya hewa.

Tangu hapo kila Jumamosi nilikwenda Ruiru nikiwa na mkate wa Ndirangu kwa ajili ya Mwalimu na orodha ya maneno. Daftari nililigawa safu tatu: neno, linalolia sawa nalo, na maana zote mbili. Mwalimu hakukubali niandike maana mpaka nitunge sentensi, na nikitunga sentensi ya kijinga alinirudisha mwanzo. Nilijifunza kwamba flour, unga, na flower, ua, yanalia sawa kabisa na huwezi kuoka la pili. Nilijifunza kwamba maneno though, cough na bough yana mkia mmoja na hayana undugu wowote, jambo ambalo nililichukulia vibaya kwa wiki nzima. Fundi viatu nilimwandikia upya bila malipo. Alinilalamikia mpaka alipofunga duka, akisema cha kwanza kiliimba zaidi.

Ndirangu naye alianza kunipa maneno ya kumuulizia. Moja tu kila wiki. Nikirudi alisimama mbele ya tanuri akalirudia kwa sauti ya chini hadi mikate iive.

Memsahibu wa kofia pana alikaa wiki kadhaa bila kuja. Alipokuja, ilikuwa Jumanne, nami nilikuwa nje nikimalizia mlango wa duka. Alikuwa amemleta mgeni, nadhani kutoka Ulaya, amshangaze kwa kile kibao. Alishuka akanyoosha kidole, kisha akasoma, na uso ukabadilika. Aliingia ndani. Alimuuliza Ndirangu kwa Kiingereza cha polepole kwa nini ameondoa lile neno. Alisema cha zamani kilikuwa kinachekesha sana, na ni hasara kubwa.

Ninyi mmezaliwa baadaye, hamjui uzito wa jambo hilo. Wakati ule Mwafrika wa Thika hakumjibu memsahibu. Alisema yes, memsaab, akashusha macho. Nilishusha brashi. Ndirangu alifunga mkate kwenye karatasi, akapanga ncha vizuri, akauweka mbele yake. Kisha akasema kwa Kiingereza, neno baada ya neno, kama mtu anayepanga matofali:

"Madam, the bread is fresh. The joke is stale."

Mkate ni mpya, bibi. Kichekesho ndicho kimelala.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amenituma kwa Mwalimu na swali moja, kama neno hilo husemwa kwa mkate peke yake au hata kwa kitu kingine. Nilimletea jibu, naye akaguna tu. Sikujua anataka kulipeleka wapi.

Mgeni ndiye aliyecheka kwanza, na safari hii hakuwa anamcheka Ndirangu. Memsahibu aligeuka mwekundu kuanzia shingoni mpaka masikioni. Nilingoja aite polisi. Badala yake akasema, "Two loaves, please, Mister Ndirangu." Neno mister, yaani bwana, sikuwahi kulisikia likitumiwa kwa mmoja wetu mtaani kule, na nadhani hata yeye alishangaa kujisikia akilitamka.

Gari lilipoondoka, Ndirangu aliegemea meza.

"Wekesa," aliniita. "Nilisema sawa?"

"Ulisema sawa, Mzee. Kila neno."

Alivuta pumzi. "Basi muulize Mwalimu," alisema, "nini inalia sawa na fresh."